Setilaiti Iliyopita Kaskazini mwa Mngeta

Usanifu wa elektroniki ya setilaiti ndogo ya falaki, yaani chombo kidogo kinachorushwa kuizunguka dunia ili kuzitazama nyota, una uamuzi mmoja unaoutofautisha na kazi nyingine nyingi za ufundi wa umeme. Msanifu hulazimika kuamua, kabla chombo hakijamtoka mikononi, ni mshtuko gani wa umeme ndani ya saketi zake utakaohesabiwa kuwa habari kutoka angani na ni upi utakaotupwa kuwa kelele. Na chombo kikisharuka, hakuna fundi atakayekifungua tena ili kubadilisha waya au kurekebisha resista, ile sehemu ya saketi inayozuia kiasi fulani cha mkondo wa umeme. Vitabu vingi vya elimu ya nyota vimeandikwa kwa kutegemea uamuzi wa namna hiyo, ilhali mtu aliyeuchora kwenye karatasi mara nyingi hatajwi. Watu wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulitafakari jambo hili kuliko wanavyolitafakari sasa, kwa kuwa setilaiti mojawapo iliyobadilisha elimu ya ulimwengu iliondokea katika bahari yao, ikapewa jina la Kiswahili, na ikapita kwa zaidi ya miaka miwili karibu na anga la bonde la Kilombero nchini Tanzania, huku saketi zake zikiwa zimechorwa na watu wa mbali.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya uhuru wake, roketi ya aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi chini ya uongozi wa Profesa Luigi Broglio, ikiwa na setilaiti ya uzito wa kilo 141 hivi, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu ya kutazama anga kwa miale ya eksirei. Katika kumbukumbu za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, chombo hicho ni Setilaiti Ndogo ya Falaki namba 1. Meneja wa mradi wake, Marjorie Townsend, mhandisi wa umeme ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu uhandisi katika Chuo Kikuu cha George Washington, alikipa jina la Uhuru, kwa kuitambua siku ile na ukarimu wa wananchi wa Kenya. Mwili wa setilaiti ulisanifiwa katika maabara ya fizikia tumizi ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, jimboni Maryland, na vihesabio vyake vya eksirei vilitengenezwa na kampuni ya American Science and Engineering ya Massachusetts, kwa uongozi wa Riccardo Giacconi, mwanafizikia aliyezaliwa Italia ambaye mwaka 2002 alipewa Tuzo ya Nobel.

Obiti ya Uhuru, yaani njia yake ya kuizunguka dunia, ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 3 tu kutoka ikweta, kimo cha kilomita 540 hivi, na mzunguko mmoja uliochukua dakika 96. Mngeta, kijiji cha bonde la Kilombero, iko nyuzi 8 na kidogo kusini mwa ikweta. Hesabu ya pembe inaonyesha kwamba setilaiti hiyo ilipita upande wa kaskazini wa kijiji takriban mara 14 kwa siku, katika kimo cha kati ya nyuzi 17 na 39 juu ya upeo wa macho, isipokuwa pale milima ya Udzungwa inapouziba upeo huo. Oktoba ya mwaka huohuo wa 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA, ya kuziunganisha Tanzania na Zambia, ulikuwa umezinduliwa rasmi, na kufikia mwishoni mwa 1971 mataruma yalikuwa yameshalivuka bonde la Kilombero hadi Mlimba. Reli hiyo nayo iliitwa Reli ya Uhuru. Wakazi wa bonde waliiona reli ikija, wengi wao wakaijenga kwa mikono yao, na baada yake zikabaki stesheni, karakana ya Mang'ula na kizazi cha mafundi waliojifunza kupima, kukata na kuunga chuma. Setilaiti iliyopita juu kwa jina lilelile haikuacha fundi bondeni, na hakuna sababu ya kuilaumu kwa hilo, kwani haikutumwa kwa kazi hiyo. Lakini tofauti kati ya vitu hivyo viwili inaonyesha vizuri ni kipi hasa hubaki mikononi mwa watu mradi mkubwa unapopita kwao.

Ili uzito wa uamuzi wa msanifu uonekane, inafaa kueleza kilichokuwemo ndani ya chombo. Miale ya eksirei itokayo angani humezwa na hewa kabla ya kufika ardhini, na kwa sababu hiyo hadi Juni 1962, roketi ilipopanda kwa dakika chache kutoka White Sands nchini Marekani na kuona chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua, katika kundi la nyota la Nge, hakuna aliyetazamia kwamba kitu kilicho mbali kiasi hicho kingeweza kung'aa kwa nguvu kiasi kile katika miale hiyo. Roketi za namna hiyo hupanda na kuanguka. Muda wao juu ya hewa ni wa dakika tu. Setilaiti ilihitajika ili anga litazamwe usiku na mchana, kwa miezi, na kifaa kilekile.

Kifaa chenyewe huitwa kihesabio sawia. Ni sanduku la chuma lililojazwa gesi kama argoni, lenye dirisha la beriliamu, madini mepesi yanayoruhusu eksirei kupenya, na ndani yake umepitishwa uzi mwembamba wa chuma uliotiwa volti nyingi, aghalabu zaidi ya 1,000. Chembe moja ya eksirei ikiingia hugonga atomu ya gesi na kung'oa elektroni. Katika argoni kila elektroni inayong'olewa hugharimu nishati ya wastani wa elektrovolti 26, hivi kwamba chembe ya elektrovolti 5,200 huacha elektroni kama 200, idadi ambayo hakuna saketi ya kawaida iwezayo kuitambua. Volti za ule uzi huzivuta elektroni hizo, nazo katika kukimbia hung'oa nyingine, na hizo nyingine tena, mpaka 200 za mwanzo zinafikia maelfu ya maelfu. Na jambo lenye manufaa zaidi ni kwamba wingi wa mwisho hubaki katika uwiano na wingi wa mwanzo, hata ukubwa wa mpigo wa umeme unaotoka kwenye uzi ukaeleza nishati ya chembe iliyoingia. Uhuru ilikuwa na seti mbili za vihesabio hivyo, zilizopeana mgongo na kutazama pande mbili zinazopingana, kila seti ikiwa na eneo la sentimita za mraba 840 hivi. Na chombo kizima kilijizungusha polepole, mara moja kila dakika 12, ili ukanda wa anga upite mbele ya vihesabio.

Kutoka kwenye uzi ndipo kazi ya msanifu wa elektroniki inapoanza. Mpigo hupokewa na kikuza ishara cha kwanza, ambacho lazima kikae karibu sana na uzi kwa sababu kila sentimita ya waya huongeza kelele. Kisha hupitishwa kwenye saketi ya kuupa umbo, halafu hufikishwa kwenye kizingiti, kiwango cha volti ambacho mpigo usiokifikia hauhesabiwi kabisa. Kizingiti kikiwekwa chini mno, msukosuko wa kawaida wa elektroni ndani ya transista, usiokoma maadamu kuna joto, utahesabiwa kuwa nyota. Kikiwekwa juu mno, nyota hafifu zitatoweka bila kuacha dalili, na hakuna atakayejua kwamba zilikuwepo. Mipigo iliyovuka kizingiti katika Uhuru iligawanywa kwa ukubwa katika mafungu 8, kati ya elektrovolti 2,000 na 20,000 hivi. Mafungu 8 ni machache, lakini kila fungu la ziada lingetaka saketi za ziada, umeme wa ziada na nafasi zaidi katika redio iliyopeleka habari ardhini. Townsend mwenyewe alikuwa mmoja wa wavumbuzi waliopewa hataza ya mfumo wa kidijitali wa telemetria, yaani namna ya kupeleka vipimo kwa redio vikiwa katika tarakimu, na pengine ndiyo sababu mradi wake ulikuwa na nidhamu ya kuuliza kila tarakimu inakwenda kufanya kazi gani.

Kizingiti peke yake hakitoshi, kwa kuwa chembe nyingi zaidi zinazopita ndani ya kihesabio angani si eksirei. Ni protoni na viini vingine vya miale ya kosmiki, vinavyokuja kwa kasi na kulipenya sanduku zima. Wasanifu wa Uhuru walitumia njia mbili za kuzikataa. Ya kwanza hutazama umbo la mpigo: eksirei humaliza nishati yake mahali padogo ndani ya gesi, na mpigo wake hupanda haraka, ilhali chembe ya kosmiki huacha mstari mrefu wa elektroni ambazo hufika kwenye uzi kwa nyakati tofauti, na mpigo wake hupanda kwa uvivu. Ya pili ni ya ushahidi wa pande mbili: kihesabio huwekewa kilinzi kando yake, na mpigo ukitokea kwa wakati mmoja katika vyote viwili, saketi hujua kwamba mgeni amepita moja kwa moja, nayo huufuta. Kila sekunde chombo kilikuwa kikitoa hukumu nyingi za namna hiyo bila kumwuliza mtu, na ramani ya anga iliyotokana nacho, yenye vyanzo 339 katika orodha yake ya mwisho, ni matokeo ya hukumu hizo zilizoandikwa kwa resista na kapasita miaka kadhaa kabla.

Hapo ndipo pia ikweta inapoingia katika usanifu, na wengi hukosea wanapodhani kwamba Waitalia na Wamarekani walikuja Malindi kwa ajili tu ya kasi ambayo dunia humpa anayerusha roketi kuelekea mashariki akiwa ikweta, ambayo ni mita 465 hivi kwa sekunde. Kasi hiyo ina faida, hasa kwa roketi ndogo kama Scout. Lakini faida iliyo karibu na moyo wa mwanafalaki ni utulivu. Protoni zilizonaswa na usumaku wa dunia hushuka chini sana juu ya bahari ya Atlantiki ya Kusini na sehemu ya Brazili, na setilaiti yenye obiti ya mwinamo mkubwa hulipita eneo hilo mara nyingi kila siku, vihesabio vyake vikizimwa au vikijaa kelele. Obiti ya nyuzi 3 hugusa ukingo wake tu, au huliepuka. Aidha usumaku wa dunia wenyewe huwa ngao imara zaidi dhidi ya miale ya kosmiki juu ya ikweta. Pwani ya Kenya ilichangia sehemu ya kazi ya elektroniki ile: ilipunguza kelele kabla saketi haijaanza kuikataa.

Matokeo yalikuja upesi. Mwaka 1971 chanzo kilichomo katika kundi la nyota la Centaurus, kinachoitwa Cen X-3, kilionekana kikipiga kwa mdundo wa sekunde 4.84, na baadaye ikaonekana kwamba mdundo huo huharakishwa na kucheleweshwa kila siku 2.087, kwa sababu kitu kinachotoa eksirei, nyota ya nyutroni iliyosongamana kupita kiasi, huizunguka nyota nyingine kubwa. Mdundo huo ulionekana kwa sababu mipigo ilikuwa imehesabiwa katika vipindi vifupi, karibu moja ya kumi ya sekunde. Kama msanifu angeridhika na vipindi vya sekunde 10, akitaka kuokoa nafasi ya redio, Cen X-3 ingeandikwa kuwa nuru tulivu, na maarifa kwamba gesi ya nyota moja huanguka juu ya nyota iliyokufa na kuwaka eksirei yangechelewa. Chanzo kingine, Cygnus X-1, kilibadilika kwa vipindi vilivyo chini ya sekunde moja bila mdundo wa kudumu. Na kwa kuwa nuru husafiri kilomita 30,000 tu katika moja ya kumi ya sekunde, kitu kinachobadilika kwa haraka hiyo hakiwezi kuwa kikubwa kuliko kadiri hiyo. Vipimo vya redio na vya darubini za ardhini vilipoungana na vya Uhuru, Cygnus X-1 ikawa kitu cha kwanza ambacho wanafalaki walikubali kwa hoja nzito kuwa shimo jeusi. Vyanzo vyote viwili huchomoza juu ya Mngeta, Cygnus upande wa kaskazini na Centaurus upande wa kusini, kila mwaka, juu ya majaruba ya mpunga.

Fundisho la wakati linaonekana zaidi katika setilaiti iliyofuata. Setilaiti Ndogo ya Falaki namba 2 ilirushwa kutoka San Marco tarehe 15 Novemba 1972 ili kutazama miale ya gama, iliyo na nishati kubwa kuliko eksirei, na ilifanya kazi hadi tarehe 8 Juni 1973. Kilichoiua hakikuwa kihesabio chake cha ajabu, chenye ngazi nyingi za nyaya na cheche, ambacho mtu angetegemea kwamba ndicho kitakachoharibika kwanza; kilikuwa kigawa umeme cha volti ndogo, kile ambacho mafundi wa mitaani hukiita pawasaplai. Anga la gama likanyamaza kwa sababu ya saketi ambayo kila redio inayo. Katika miezi ile michache chombo kilikuwa kimenasa gama kutoka chanzo kisichojulikana ambacho baadaye kiliitwa Geminga, na kila gama iliandikiwa wakati wake wa kufika. Karibu miaka 20 ilipita bila mtu kujua Geminga ni nini. Mwaka 1992 setilaiti nyingine, ROSAT, iligundua kwamba inapiga kila sekunde 0.237, na watafiti walipoyarudia maandishi ya 1972 na 1973 walikuta mdundo uleule umelala humo, umehifadhiwa na saa ya chombo kilichokufa zamani. Msanifu wa saa ile hakujua swali ambalo angeulizwa. Aliweka usahihi uliozidi mahitaji ya siku yake, akalipa gharama ya usahihi huo kwa umeme na uzito, na hilo ndilo lililoiwezesha kazi yake kujibu.

Haya mawili, pawasaplai na saa, yanatosha kumweleza mtu tabia ya kazi hii. Umakini mkubwa hutakiwa pale ambapo pana heshima ndogo. Mafundi wa bonde la Kilombero, wanaotengeneza simu na redio Ifakara na Mlimba, wanaelewa upande mmoja wa jambo hili kuliko wahandisi wengi wa mijini, kwa sababu wanajua jinsi unyevu wa masika, vumbi la kiangazi, radi na umeme unaopanda na kushuka vinavyokila kifaa taratibu. Lakini maadui wa angani ni wengine, na inafaa wajulikane kwa majina. Angani hakuna unyevu wala vumbi, na pia hakuna hewa ya kupoza. Transista inayopata joto ardhini hupoa kwa upepo mdogo unaoizunguka. Katika ombwe joto lake lazima lipite kwenye shaba ya bodi ya saketi, liingie katika fremu ya chombo, kisha litoke kama mionzi. Kila dakika 96 setilaiti huingia katika kivuli cha dunia kwa dakika 35 hivi na kutoka tena kwenye jua kali, mara 15 kwa siku, zaidi ya mara 5,000 kwa mwaka, na kila mara lehemu, ile bati inayoshika miguu ya vijenzi, hutanuka na kusinyaa hata ikaanza kupasuka. Bati tupu isiyochanganywa na risasi huota nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazoweza kuunganisha njia mbili za umeme zisizopaswa kukutana, na kwa hiyo wasanifu wa vyombo vya anga hulikataa ingawa viwanda vya simu hulipenda. Uzi wa volti 1,000 ulio salama ardhini, na ulio salama katika ombwe kamili, unaweza kutoa cheche wakati chombo kinapopanda na hewa yake ya ndani bado haijaisha, kwani katika hewa haba cheche huruka kwa urahisi zaidi. Volti hizo kwa hiyo huwashwa baada ya kusubiri. Na protoni moja ikipita katika kumbukumbu ya kompyuta ya chombo inaweza kugeuza sifuri kuwa moja, jambo linalomlazimu msanifu kuandika habari muhimu mara tatu na kuziacha nakala tatu zipige kura.

Kwa miongo mingi masharti hayo yalikuwa ya matajiri. Yalibadilika baada ya mwaka 1999, Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs, walimu wa vyuo vikuu vya California, walipopendekeza kipimo kimoja cha setilaiti za wanafunzi: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wenye uzito wa kilo moja na zaidi kidogo, unaopata kwa jua wati 2 hivi za wastani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza chombo cha kipimo hicho, 1KUNS-PF, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma na shirika la anga la Japani, nacho kiliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tarehe 11 Mei 2018. Rwanda ilifuata mwaka 2019, Uganda mwaka 2022, na Kenya ikarusha Taifa-1 Aprili 2023. Vyombo hivyo kwa jumla vilielekezwa kutazama dunia, mashamba, maji na misitu, na hakuna mtu wa bonde linalofurika kila masika atakayesema kwamba kazi hiyo ni ndogo.

Hata hivyo dhana kwamba mchemraba wa wati 2 hauwezi kufanya falaki ya kweli imeshakanushwa. Mwaka 2021 wahandisi na wanafizikia wa Slovakia, Hungaria na Ucheki walirusha GRBAlpha, setilaiti ya kipimo kilekile cha sentimita 10, ikiwa na kipande cha fuwele ya sesiamu aidodaidi, ambayo hutoa kimulimuli kidogo cha mwanga kila gama inapoipiga, na vipokea mwanga vya silikoni vinavyokigeuza kimulimuli hicho kuwa mpigo wa umeme. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulifika duniani mlipuko wa gama uliokuwa mkali kuliko wote waliowahi kuupima wanafalaki, na vifaa vingi vikubwa vililemewa, saketi zao zikashindwa kutenganisha mpigo mmoja na mwingine. GRBAlpha iliupima kilele chake bila kulemewa, kwa sababu kihesabio kidogo hupokea kidogo. Udogo uliodhaniwa kuwa upungufu ulikuwa ndio uwezo uliohitajika siku ile.

Kuna mtu atakayeuliza kama bonde la Kilombero lina lolote la kufanya na mambo haya, na jibu lipo Ifakara kwenyewe. Mwaka 1957 taasisi ya Uswisi ya tiba ya magonjwa ya kitropiki, kwa juhudi za Profesa Rudolf Geigy wa Basel, ilifungua maabara katika mji huo ili kuchunguza maradhi ya bonde. Kwa miaka mingi maswali yaliandikwa Basel na mbu walikamatwa Kilombero. Maabara ile imekuja kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya Tanzania ambamo Watanzania huandika maswali wenyewe, hujenga vifaa vyao, na miongoni mwa vifaa hivyo wamebuni visanduku vyenye harufu ya binadamu vinavyowavutia mbu na kuwaua kwa nyaya zinazoendeshwa kwa umeme wa jua. Kisanduku kinachoachwa usiku kucha kando ya mpunga, kikiwa na betri ndogo na bila mtu wa kukisimamia, kina masharti yanayofanana na ya setilaiti kuliko inavyodhaniwa: lazima kijue kiasi cha umeme kilichobaki, na lazima kifanye kazi yake bila msaada. Mabadiliko ya Ifakara yalikuwa ya nani anaamua kipi kihesabiwe, na yalichukua miaka 40 hivi. Hakuna sababu ya kuamini kwamba katika falaki yatahitaji muda mrefu kuliko huo, kwa kuwa vijenzi ni rahisi zaidi sasa na maarifa yake yamechapishwa.

Mahali pa kuanzia hapahitaji roketi. Miale ya kosmiki ile ile ambayo Uhuru iliikataa huzaa, inapogonga hewa ya juu, chembe ziitwazo myuoni, ambazo hufika ardhini kwa wastani wa moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Sekondari yenye mirija miwili ya Geiger, ambayo ni binamu rahisi wa kihesabio sawia, inaweza kuiweka mmoja juu ya mwingine na kuunganisha saketi inayohesabu pale tu mirija yote miwili inapopiga pamoja, na hivyo kuacha nje mionzi ya udongo na mawe ambayo kwa kawaida hugusa mrija mmoja. Ni saketi ileile ya Uhuru iliyogeuzwa: kule kupiga pamoja kulikuwa sababu ya kufuta, hapa ni sababu ya kuhesabu. Mwanafunzi atalazimika kuchagua muda unaostahili kuitwa pamoja. Ikiwa kila mrija hupiga mara moja kwa sekunde kwa sababu ya mionzi ya mahali, kipindi cha mikrosekunde 100 kitaleta mapatano ya bahati yasiyofikia moja kwa saa, na kipindi cha milisekunde 1 kitaleta 7 hivi.

Mngeta ina bahati ambayo shule za mijini hazina. Sakafu ya bonde iko mita 300 hivi juu ya usawa wa bahari, na kando yake mteremko wa Udzungwa hupanda hadi kwenye nyanda zilizopita mita 1,500. Mwanafizikia Victor Hess alihitaji puto mwaka 1912 ili kuonyesha kwamba mionzi huongezeka mtu anapopanda. Hapa inatosha kubeba kihesabio mgongoni. Ongezeko linalotarajiwa ni la sehemu ya kumi au zaidi, na ili kila hesabu iwe na usahihi wa sehemu moja ya mia kunahitajika mapatano 10,000 chini na 10,000 juu. Kwa mapatano 10 kwa dakika hiyo ni karibu saa 17 kila mahali, mlimani pasipo na nguzo ya umeme, na swali la kwanza ambalo kikundi cha wanafunzi kitalazimika kulijibu kabla ya kununua mirija ni betri ya ukubwa gani itaendesha volti 400 kwa saa 17, na nani atachora kigawa umeme chake.